Mti Usio na Harufu

Ngazi aliuona ule mkato kabla hajamaliza kufunga vifungo vya ovaroli yake. Ulikuwa kwenye tawi la chini la mti mmoja mweusi uliosimama pale njia ya changarawe inapopinda, na ulikuwa mbichi kabisa, uking'aa kwa umande. Mtu alikuwa amekata tawi pale jana. Akasogea, akainama, akautazama vizuri. Mkato ulilalia upande usio wa kawaida. Bustani nzima wapogoaji walikuwa wa mkono wa kulia isipokuwa mashoto mmoja, na mashoto mwenyewe alikuwa yeye.

Alisimama pale mdomo wazi, vifungo viwili bado havijafungwa.

Ngazi ni jina alilopewa na wenzake, kwa sababu kila kulipokuwa na tawi la kupogoa juu, yeye ndiye aliyepanda, na wanaume wakabaki chini kushikilia ngazi na kumpa ushauri ambao hakuuomba. Kazi yake ilikuwa kwenye mteremko wa miti isiyopukutisha majani, ile inayoonekana yote ni misonobari kwa mtu anayepita na mwavuli wake akitafuta benchi la kukaa. Ngazi naye mwaka wa kwanza aliiona hivyo hivyo. Aliyemfumbua macho ni msimamizi wao, mzee mkavu aliyetembea na mkasi wa kupogolea mfukoni hata siku ya mapumziko, ndiyo maana wakamwita Bwana Mkasi.

"Msonobari haupendi upweke," Bwana Mkasi alimfundisha. "Majani yake kama sindano, na yanatoka kwa mafungu, mawili mawili, au matatu, au matano, yameshikana shinani. Ukiona fungu, huo ni msonobari, usiniulize tena. Mwerezi una sindano fupi ngumu, zimekaa vishada vishada. Msaipresi hauna sindano, una magamba yaliyobanana kama mkia wa mjusi. Mvinje ndio mwongo wao. Unavaa kama wao, unavuma kama wao, na wala si wa ukoo huo."

Shida, alisema, iko kwa miwili yenye majani mafupi bapa, yaliyopangika kushoto na kulia kwenye kijiti kama meno ya kitana. Mmoja ni mberoshi. Ukiligeuza jani lake utaona mistari miwili myeupe tumboni, ncha yake ni butu, na ukiliponda linanukia kama ganda la chungwa. Wa pili ulikuwa huu mweusi wa kwenye kona. Jani lake tumboni limepauka tu, ncha yake inachoma, na ukiliponda hupati kitu. Hauna utomvu, hauna harufu, wala hauzai yale matunda magumu ya mbao kama wenzake, bali vijitunda vyekundu laini. Jina lake la kitabuni lilikuwa refu na hakuna aliyelishika, kwa hiyo Bwana Mkasi akauita Mkimya, kwa ile methali kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Gome, mbegu na majani yake vyote ni sumu, vibichi kwa vikavu, na hata ukivichemsha. Tena sumu yenyewe haishughuliki sana na tumbo. Inakwenda moyoni na kuuamuru upunguze mwendo.

"Kwa hiyo ponda, nusa, ndipo useme," Bwana Mkasi alimaliza. "Jicho linachoka. Bango litaanguka. Pua haijawahi kunidanganya."

Basi pua ilikuwa imedanganya jana.

Tangu baridi ya mwaka jana Ngazi alikuwa akimpelekea mama mkwe wake majani ya mberoshi. Mama mkwe alikuwa na kifua kibovu, kikohozi chake kiliamsha nyumba nzima, na siku moja Ngazi alimletea fungu la majani akamwambia achemshe, anywe kikombe. Asubuhi ya pili mama akasema kifua kimefunguka. Tangu hapo ikawa desturi. Ngazi hakuwa na mambo mengi ya kujivunia mbele ya mama mkwe. Wali wake ulikuwa na maji mengi, ufagio wake uliacha pembe, na ovaroli zake zilitia aibu kwenye kamba ya nguo. Lakini dawa ile ilikuwa yake, na kila ilipopokelewa alijiona naye ni mtu ndani ya nyumba ile.

Jana mabango yote ya bati yenye majina ya miti yaling'olewa yakapakwe rangi upya. Ukungu ulishuka mapema. Ngazi alikuwa ameshinda juu ya misonobari, na glavu zake zililowa utomvu mpaka vidole vikagandana. Mumewe alimpigia simu awahi kurudi nyumbani, kuna maneno. Akakimbilia kwenye kona ambako mberoshi na Mkimya imesimama jirani, matawi yameingiliana, akakata tawi kwa haraka. Hata hivyo hakusahau kanuni. Aliponda jani, akalipeleka puani, na harufu nzuri ya utomvu ikamjaa kichwani. Akaridhika, akafunga fungu lake, akaondoka.

Alichonusa kilikuwa glavu zake mwenyewe. Mpita njia na mwavuli wake asingefanya kosa hili hata angejitahidi. Lilihitaji mtu wa kazi, aliyeshinda kazini, anayefuata kanuni ya kazi.

Akatoa simu akapiga nyumbani. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

Ngoja niseme yaliyotokea jioni ile, maana bila hayo mtu hataelewa kwa nini simu ile isiyopokelewa ilimtisha vile. Yale maneno aliyoitiwa yalikuwa ya kuhama. Ngazi na mumewe walikuwa wametafuta vyumba vyao wenyewe, kimya kimya, wakisubiri siku nzuri ya kumwambia mama. Siku nzuri haikufika, habari ikafika yenyewe kwa mdomo wa watu. Mama mkwe alisimama katikati ya jiko, fungu la majani limening'inia kwenye msumari nyuma yake, akasema, "Kama nawabana, semeni. Tena msijisumbue kuhama. Nikifa mtapata nafasi." Na Ngazi, aliyechoka, ambaye ulimi wake hauna mfupa kama wa mtu mwingine yeyote, akajibu, "Hakuna anayekuombea kufa, mama, lakini na sisi tunataka kupumua." Mama akaingia chumbani akafunga mlango. Alfajiri mume alitoka na lori lake kwenda safari ya mbali, na Ngazi akaenda kazini bila kumsalimu mama, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Simu ikaita, ikakata. Mama mkwe alikuwa na mazoea ya kuchemsha majani akishaosha vyombo, jua likigusa dirisha la jiko. Ngazi akatazama juu. Ukungu ulikuwa unafunguka.

Alimkuta Bwana Mkasi bandani akinoa. Hakujua aanzie wapi, akamshika mkono, akamburuta mpaka kwenye kona, akamwonyesha. Mzee aliutazama mkato, akatazama mkono wake wa kushoto, na uso wake ukabadilika.

"Umeyapeleka nyumbani?"

"Ndiyo."

"Kwa nani?"

"Kwa mama mkwe. Nilinusa, bwana. Naapa nilinusa."

"Kata kijiti kingine hapo hapo," alisema Bwana Mkasi, tayari anatafuta funguo mfukoni. "Na cha mberoshi kata pia. Daktari hatibu asichokijua."

Waliondoka na pikapu ya kubebea matawi, matawi yenyewe bado yamo nyuma. Bwana Mkasi aliendesha kama anavyotembea, bila pupa, na Ngazi alitamani kumkanyagia mafuta kwa mguu wake mwenyewe. Alipiga simu ya mumewe, haipatikani. Akapiga ya mama, ikaita weee. Akaanza kujisemea kwa sauti maneno atakayoyasema akifika.

"Nitamwambia yamepuliziwa dawa ya wadudu. Kwamba bustani walipuliza, mimi sikujua. Hilo linasemeka."

Bwana Mkasi hakugeuka. "Na akiwa ameshakunywa? Daktari akimtibu dawa ya wadudu, huku moyo wake unataka kitu kingine?"

"Hujui ninavyoishi, bwana. Jana alisema akifa tutapata nafasi. Leo nimwambie nimemletea sumu? Atasema nini? Mume wangu atasema nini?"

"Watasema watakayosema," alijibu mzee. "Akiwa hai ndipo atasema."

Ngazi aliona aibu, kwa sababu ni kweli, tangu waondoke alikuwa amejihurumia yeye zaidi kuliko yule mama. Akabana vile vijiti viwili mapajani, kimoja mkono huu na kingine mkono ule, visije vikachanganyika.

Nyumba yao ilikuwa safu ya vyumba vilivyopakana ukuta kwa ukuta. Mlango wa kwanza ulikuwa wa fundi cherehani, mjane mnene mcheshi, rafiki wa mama mkwe wa miaka mingi, ambaye mashine yake ilisikika mpaka uani tangu asubuhi. Ngazi alipita mlango ule mbio, cherehani ikikereza ndani kama kawaida, akaingia kwao bila kubisha.

Msumari wa jikoni ulikuwa mtupu. Sufuria ndogo ilikuwa imeoshwa na kuinamishwa juu ya rafu. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kichwa kimeegemea nyuma, macho yamefumbwa, mikono imelala mapajani.

"Mama!"

Hakujibu. Ngazi alipiga magoti, akamshika mabega, akamtikisa kwa nguvu kuliko heshima inavyoruhusu.

Macho yakafumbuka. "Una wazimu? Mtu hawezi kusinzia katika nyumba hii?" Kisha akakumbuka kwamba wamegombana, akauondoa mkono wa Ngazi begani mwake taratibu. "Mbona umerudi?"

"Mama, yale majani. Umekunywa?"

"Kwa nini?"

Hapo uongo wa dawa ya wadudu ulimjia mpaka kwenye meno. Ulikuwa mwepesi, ulikuwa tayari, na uso wa mama mkwe ulikuwa mgumu vile vile kama wa jana. Ngazi akaumeza.

"Nilikosea mti. Si mberoshi. Ni mti mwingine, ni sumu, unasimamisha moyo. Nimekata mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, sikujua mpaka asubuhi hii. Niambie umekunywa kiasi gani, gari liko nje."

Mama mkwe alikaa wima kitini. Ukutani cherehani ya fundi iliendelea kukereza.

"Jana nilisema nikifa mtapata nafasi," alisema polepole. "Leo umekuja kuniambia umeniletea sumu."

"Ndiyo, mama."

"Na umekuja mwenyewe. Hukutuma mtu."

"Mama, utaniua baadaye. Umekunywa?"

"Sijanywa."

Ngazi akakaa sakafuni na ovaroli yake. Machozi yalimtoka bila kuombwa. Alitaka kucheka, alitaka kuibusu miguu ile yenye soksi zisizofanana. Lakini alipoinua kichwa, uso wa mama mkwe haukuwa wa mtu aliyenusurika. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Sijawahi kunywa," alisema mama mkwe. "Hata siku moja. Siku ya kwanza niliyaonja kwa ulimi tu, yakanishinda, machungu yale. Nampelekea fundi."

Wote wawili waligeuka kuutazama ukuta. Cherehani ilikereza, ikapunguza, ikakereza kidogo tena. Kisha ikanyamaza.

Sijui nani alitangulia kutoka. Mama mkwe, ambaye kwa kawaida huhesabu kila hatua na kulalamikia nusu yake, aliruka kizingiti bila viatu. Fundi alikuwa ameketi nyuma ya mashine, kitambaa cha bluu kimebanwa chini ya sindano, kiganja chake kimetulia juu ya kifua. Mezani palikuwa na kikombe. Ngazi alikichungulia. Kilibaki robo.

"Afadhali mmekuja," alisema fundi, akajaribu kutabasamu. "Nasikia kizunguzungu. Tena shoga yangu, leo dawa yako imechuja, haina ile harufu yake. Mpaka nimeitia tangawizi."

"Usinywe tena," alisema mama mkwe, akakinyakua kikombe kikamwagikia kanga.

Ngazi alikuwa ameshaingia kwenye kona ya jiko la fundi. Chujio lilikuwa kwenye beseni, majani yamerundikana ndani yake, malaini kwa kuchemshwa. Akalichukua moja, akaligeuza tumbo juu, akalipeleka dirishani. Hakuona mistari. Akachukua lingine, na lingine. Yalikuwa yamepauka tu. Lakini alikuwa ameshakosea mara moja kwa kujiamini, na mikono yake, hata baada ya kuoga na kulala, bado ilinuka misonobari. Akachomoa mfukoni kijiti kibichi cha mberoshi.

"Mama, wewe mikono yako safi. Ponda hili, unuse. Sasa ponda hili la pili, la kwenye chujio. Niambie."

Mama mkwe aliponda, akanusa. "Hili chungwa," alisema. "Hili…" Akanusa tena, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka akakohoa. "Hili halina kitu. Mwanangu, halina kitu kabisa."

"Basi ndilo," alisema Ngazi. "Twende."

Walimkokota fundi mpaka nje, naye akilalamika kwamba ameacha nguo ya mteja kwenye mashine, na mteja mwenyewe ana mdomo. Kwenye pikapu alikaa katikati. Bwana Mkasi safari hii alikanyaga mafuta. Kabla hawajafika, fundi alikuwa ameacha kuongea, na kwa wanaomjua fundi, hilo lilitisha kuliko kizunguzungu.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alishika mkono wa fundi, akatazama saa, akaita kitanda kwa sauti iliyofanya wauguzi wawili waje mbio. Wakambandika nyaya kifuani, na mashine ikaanza kulia. Ililia, ikakaa. Ikakaa tena, muda mrefu mno, ndipo ikalia.

"Amekula nini?"

"Majani ya mti, yamechemshwa," alisema Ngazi. "Kikombe kasoro robo."

"Nani kampa?" aliuliza muuguzi aliyekuwa anaandika.

Ngazi alifungua mdomo. Mama mkwe akamwahi.

"Nimempa mimi."

"Niliyakata mimi," alisema Ngazi.

"Mimi ndiye nimemchemshia, nikampelekea, nikamchujia kwake. Huyu alikuwa kazini."

"Jamani," alisema daktari, "sitafuti wa kumfunga. Natafuta mti. Mti gani? Msonobari?"

Ngazi akaviweka vijiti viwili juu ya shuka jeupe. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe, kwa maana ilikuwa imetulia. "Msonobari majani yake yanatoka kwa mafungu, daktari, haya yametoka moja moja, kwa hiyo si huo. Hiki ni mberoshi, mistari miwili myeupe tumboni, ukiponda kinanukia. Sicho alichokunywa. Alichokunywa ni hiki. Ncha kali, hakina mistari, hakina utomvu, hakina harufu. Mti wake unazaa vijitunda vyekundu laini, mbegu moja ndani. Ni ule wa moyo."

Daktari aliponda vyote viwili, akanusa, akavigeuza. "Una uhakika? Nikianza kutibu moyo na kumbe ni kitu kingine, nimepoteza muda ambao hana."

Mashine ililia, ikakaa.

"Nina uhakika," alisema Ngazi. "Nilinusa vibaya jana. Leo nimemnusisha aliye na pua safi."

Daktari alikwenda simuni kuzungumza na watu wanaoshughulika na sumu, akawaeleza mti kama alivyoelezwa, neno kwa neno, akarudi akitoa amri. Wakamnywesha fundi kitu cheusi kama makaa, wakamchoma sindano, wakavuta pazia.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini, mama mkwe na mkwe, Bwana Mkasi amesimama dirishani akiwapa mgongo kwa adabu. Mama mkwe bado alikuwa hana viatu. Ngazi alitoa glavu zilizokuwa zimebaki mfukoni, zile zile, akaziangalia kwa chuki, akazitupa kwenye pipa. Sauti ya mashine ilipenya pazia. Walijikuta wote wawili wanazuia pumzi kila inapokaa.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Ngazi mwishowe. "Mwaka mzima, mama. Kila nikikuuliza, unasema kifua kimefunguka."

"Kifua cha fundi kilifunguka. Mimi nilikuwa nakuletea salamu zake tu."

"Ungesema hutaki."

Mama mkwe alikaza macho kwenye vidole vyake vya miguu. "Kila ukileta yale majani, unasimama mlangoni na hiyo ovaroli yako, unanitazama. Huongei, unanitazama tu. Nami nimeshakusema kwa wali, nimekusema kwa ufagio, nimekusema kwa kila kitu. Nikaona hili moja nisilikatae. Nikikataa na hili, utabaki na nini kwangu?"

Kwa mwaka mzima Ngazi aliamini kitu pekee anachopendewa ni dawa yake, kumbe dawa ndiyo haikupendwa.

"Sasa uongo wangu unamwua rafiki yangu," alisema mama mkwe, na hapo ndipo alipolia, bila sauti, mabega yakipanda na kushuka.

"Ni mkasi wangu, mama, si uongo wako."

"Nyamaza. Tugawane."

Wakagawana. Walishikana mikono juu ya benchi, mmoja wenye utomvu, mmoja wenye harufu ya tangawizi iliyomwagika, na hakuna aliyeutoa wake.

Jua lilikuwa limehama kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi wa pili pale mlio ulipoanza kubadilika. Aliyesikia kwanza ni Bwana Mkasi, akageuka kutoka dirishani. Ulilia, ukalia tena kabla hawajazuia pumzi. Daktari alitoka akijifuta shingo.

"Moyo umeanza kushika njia yake," alisema. "Tutamwangalia mpaka kesho, lakini ameniuliza kama kuna mtu amefunga mlango wa kwake. Mtu wa namna hiyo huwa hafi." Akamgeukia Ngazi. "Ungeniambia ni majani tu, au dawa ya wadudu, ningehangaika na tumbo."

Ngazi alimtazama Bwana Mkasi. Mzee alijifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa mkasi.

Fundi alirudi nyumbani akiwa na hadithi ya kusimulia mpaka mwisho wa maisha yake, na kila akiisimulia kikombe kiliongezeka ukubwa. Bustanini walizungushia Mkimya uzio, na bango lake likarudi limeandikwa kwa rangi nyekundu. Ngazi aliapa hataleta jani lolote nyumbani tena. Kiapo hicho kilidumu mpaka baridi iliporudi na kikohozi cha mama mkwe kikaanza kuamsha watu.

"Uko wapi mberoshi wako?" aliuliza mama mkwe asubuhi moja.

"Mama, hapana."

"Nimekuuliza uko wapi."

Kesho yake Ngazi alisugua mikono kwa mafuta ya kupikia, ndiyo dawa ya utomvu, akaosha kwa sabuni mara mbili, akakata mchana kweupe bila glavu. Jioni aliliweka fungu mezani akasogea mbali nalo. Mama mkwe alivaa miwani. Alichukua jani, akaligeuza tumbo juu, akaitafuta mistari miwili kwa ncha ya kucha. Akagusa ncha kwa kidole. Akaponda, akanusa, akaponda la pili, akanusa. Ngazi alisimama mlangoni na ovaroli yake, akitazama, roho mkononi.

Maji yalichemka. Mama mkwe alimimina kikombe kimoja. Ngazi aliruka mbele. "Nianze mimi, mama."

"Kwani mimi mfalme, nionjewe? Kaa chini."

Akanywa. Alikunja uso, akakohoa, akanywa tena, akafika mpaka chini, akakiinamisha kikombe mezani ili ionekane hakuna kilichobaki. Machozi ya uchungu yalimsimama machoni. Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa inakereza.

"Mabaya," alisema, akijifuta mdomo. "Tangu siku ya kwanza yalikuwa mabaya. Na vile vyumba vyenu, mkihama, tafuteni vya karibu. Nani atakunusia majani?"